Dagaa Wasio na Vichwa

Kwa Mkorea wa Buswelu ukiagiza sahani moja unaletewa saba. Unaagiza supu ya sangara, na kabla haijafika meza imeshajaa visahani: kabichi ya pilipili iliyochacha, mchicha uliochanganywa na ufuta, figili za siki, viazi vya sosi nyeusi, mayai, na dagaa. Vikiisha anaongeza, wala hakuulizi. Mara ya kwanza nilidhani amekosea meza. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya bakuli moja la mboga hawezi kuamini ukarimu wa namna hiyo bila kugeuka kwanza aone ni nani anayehudumiwa nyuma yake.

Nasema Mkorea, lakini mtaa mzima unasema Mchina. Ukimwambia bodaboda "nipeleke kwa Mkorea" anakutumbulia macho. Ukisema "kwa Mchina wa supu" anawasha pikipiki. Mwenyewe miaka ya mwanzo alikuwa akimsahihisha kila mtu, kisha akachoka. Alikuja na mumewe, fundi katika kampuni ya kujenga barabara. Barabara ikaisha, mume akarudi kwao, yeye akabaki. Sababu hasemi, na sisi wambeya wa Buswelu tumeshamtungia sababu tano. Akapanga nyumba ya kawaida tu, sebule ikawa ukumbi, vyumba viwili vikang'olewa milango, uani pakawa jiko. Meza sita, viti vya plastiki, kalenda ya duka la mbegu ukutani. Watu wanaingia na kandambili, wanakula, wanatoka wakivuta hewa mdomoni kwa pilipili.

Mimi nimepanga nyumba ya tatu kutoka pale. Jumamosi mchana nilikuwa nakwenda peke yangu, nakaa dirishani, na nasema bila aibu kwamba hayo ndiyo yalikuwa masaa mazuri kuliko yote ya wiki yangu. Wali wake unanata, unaokotwa kwa vijiti bila kudondoka. Vijiti vyenyewe nilijifunza kwa kuadhirika, yeye akisimama pembeni na kunirekebisha kidole kimoja kimoja bila kucheka. Kiswahili alijifunzia sokoni, na r na l zinamchanganya kama zinavyotuchanganya sisi Wasukuma, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumcheka kwa hilo.

Katika visahani vyote, cha dagaa ndicho nilichokuwa namaliza kwanza. Anawakaanga wakakauka kabisa, anawazungusha kwenye sukari na pilipili kidogo, anawamwagia ufuta. Ukitafuna wanalia. Na hawana mchanga hata punje moja. Mtu wa Mwanza akila dagaa wasio na mchanga lazima ajiulize ni nani aliyewaanika.

Mimi sikuhitaji kujiuliza. Walikuwa dagaa wa mama yangu.

Mama anaanika dagaa Kayenze, ufukweni, kwenye mwalo wa mitumbwi, tangu kabla sijazaliwa. Asubuhi mitumbwi ikirudi na taa zake zimezimwa, wanawake wanaingia majini mpaka magotini na ndoo zao, wanagombea, wanatukanana, wananunua. Wengi wanamwaga dagaa mchangani moja kwa moja. Mama alitengeneza vichanja vya miti na nyavu kuukuu, akaanika juu, kwa sababu, alisema, mchanga ni wa kukanyaga, si wa kutafuna. Wenzake walimwona anajidai. Mvua ikinyesha ghafla walikuwa wanakimbizana kukusanya matope, naye anafunika turubai, anakaa chini yake, anatafuna muwa.

Nimelelewa na hao dagaa: wa nyanya, wa karanga, wa kuchoma juu ya bati. Ila vichwa sikuvila. Ni vichungu, na nikiwa mdogo nilikuwa navitema uani. Mama hakunipiga. Alikuwa anakaa pembeni yangu, anavinyofoa kwa ukucha wa dole gumba, kimoja kimoja, huku ananisimanga.

"Wewe utaolewa na nani, mtu wa kuchagua mpaka dagaa?"

Vichwa alikula yeye.

Halafu nikaenda shule ya bweni na sanduku la bati ambalo chini yake alikuwa amenifungia dagaa wa kunitosha muhula mzima. Siku ya pili bweni zima lilijua sanduku gani linanuka. Nikapewa jina la utani ambalo silirudii hapa. Nililibeba miaka minne. Ile harufu niliisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa pafyumu ya kuazima. Sikumwambia mama. Nilimwambia tu asinifungie tena, kwamba chakula cha shule kinatosha, naye akafurahi kusikia serikali inatulisha vizuri.

Nilipoajiriwa kwenye ofisi moja pale Nyamagana, mtu aliniuliza wakati wa chai mama yangu anafanya kazi gani. Nikasema ni mwalimu mstaafu, yuko Bujora. Ulitoka laini kama ukweli. Uongo ukishautamka mara moja inabidi uulishe, na mimi niliulisha: nikampa mama yangu shamba la maua, miwani, na tabia ya kusoma magazeti. Mama hajui kusoma.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu hataelewa nilichofanya. Kwetu binti akikutana na mama yake anapiga magoti. Kwa mzee yeyote unakunja goti kidogo, inatosha. Kwa mama unafika chini kabisa, magoti yote mawili yaguse ardhi, popote mtakapokutana: njiani, sokoni, mlangoni pa kanisa. Unasema "mwangaluka, mayu", salamu ya asubuhi kwa mama, yeye anakugusa bega, ndipo unainuka. Niliwahi kupiga magoti kwenye tope la Kisesa na sketi nyeupe ya shule, siku ya gulio, watu wakipita na mbuzi. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaifua ile sketi mwenyewe. Anayekuona umepiga magoti hivyo hana haja ya kuuliza yule ni nani kwako.

Ofisini kwetu akaja bosi mpya kutoka Dar, mwanamke wa umri wangu, msomi, mcheshi, anayejua migahawa yote ya Masaki. Nilitamani anipende. Nalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliutamani urafiki wake kama mtoto. Aliposema hajala chakula cha Kikorea tangu ahamie Mwanza, nilidakia kwamba kwetu Buswelu upo mgahawa. Ijumaa mchana tukaenda watu wanne na gari la ofisi. Nilijua dagaa wa Mkorea wanatoka kwa mama. Mama mwenyewe alinisimulia, kwa furaha, kwamba mteja wake mpya ni mzungu mwembamba anayepokea mzigo kwa mikono miwili. Lakini mama alikuwa analeta Jumanne. Mimi nilihesabia Jumanne.

Bosi alikula dagaa akafumba macho. "Hawa ni samaki gani? Wanaletwa kutoka Korea?"

Nikacheka. "Ni wa ziwani hapahapa."

"Acha utani. Dagaa hawa hawa wa kulishia kuku?"

Mezani wote wakacheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wao. Ndipo mlango wa mbele ukazibwa na kiroba.

Wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili na dagaa walichelewa kukauka. Mlango wa uani ulikuwa umezingirwa na maji, kwa hiyo alipita mbele. Mama yangu, na kiroba kichwani, kanga moja kiunoni na nyingine begani, miguu imejaa tope mpaka karibu na magoti. Aliniona. Uso ukamfunguka. Akasimama palepale katikati ya meza, akakishusha kiroba taratibu, akakiegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua moja.

Ile hatua moja ndiyo inayonirudia. Alikuwa ananipa nafasi ya kupiga magoti.

Nilikuwa na vijiti mkononi. Nikasema, "Shikamoo," nikiwa nimekaa, kwa sauti ya mtu anayemsalimu muuza mchicha.

Macho yake yalipita kwa bosi, kwa wale wawili, kwenye visahani, yakarudi kwangu. Nadhani alielewa yote kwa mara moja, mpaka yale ya miwani na magazeti.

"Malahaba," akasema.

"Karibu mama, tule," bosi akamwambia, maana alikuwa na adabu, kuliko mimi.

"Asanteni. Kuleni tu, nimeshiba."

Akakiinua kiroba. Njia kati ya meza yetu na ukuta ilikuwa nyembamba, hakuweza kupita. Na mimi, nikisaidia, nilisogeza kiti changu ili apite.

Mkorea alitoka jikoni akampokea. Aliinama mpaka mgongo ukawa kama meza, akanyoosha mikono yote miwili, akachukua kiroba kile cha dagaa kama anayepokea mtoto wa kubatizwa. Wakaenda uani. Bosi akasema kwa sauti ya chini, "Wamama hawa wana kazi, jamani, lakini ile harufu," akapunga mkono mbele ya pua. Nikasema ndiyo. Nikamwambia ukikaa nayo muda mrefu unazoea.

Mkataa kwao mtumwa. Methali hiyo niliiandika kwenye insha ya Kiswahili nikapata alama nzuri, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Hakuna alama unazopewa siku unapoitenda.

Jumapili ya pili yake nilikwenda Kayenze. Nilibeba sukari, sabuni, mkate, na maneno niliyoyapanga tangu Igombe. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nikapiga magoti kwenye changarawe, yote mawili, nikainamisha kichwa nikisubiri kofi. Angenipiga ningeshukuru. Kofi ni la mtoto wa nyumbani.

Hakunigusa bega. Nilisikia anaondoka. Nilipoinua macho alikuwa anatoka ndani na kiti cha plastiki cheupe, kile ambacho hukaliwa na katekista na watu wa mahari. Akakipangusa kwa kanga yake, akakiweka kivulini.

"Kalibu kiti."

"Mama, nitakaa hapa chini."

"Inuka, utachafua nguo. Mgeni hakai chini."

Nikakaa. Aliniletea maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe kwa jagi, taulo begani. Aliniuliza habari za kazi, habari za mjini, habari za mvua za huko "kwenu", yaani Buswelu, mwendo wa chini ya saa moja. Akachinja kuku. Nikamwambia dagaa wanatosha, nina hamu na dagaa. Nyuma yake kwenye mafiga sufuria ilikuwa inachemka na harufu naijua.

"Wageni hawalishwi dagaa," akasema. "Watu watanicheka."

Nilikula kuku peke yangu juu ya kiti. Yeye alikwenda kula jikoni.

Nilirudi mwezi uliofuata, na mwingine, na mwingine. Kila mara magoti yangu yalifika chini, kila mara kiti kilitoka. Hakuninunia hata siku moja. Angeninunia ningepata pa kushika. Alikuwa mchangamfu, mwenye heshima, ananisindikiza mpaka barabarani na kunishukuru kwa kumtembelea. Nilimwomba msamaha nikilia. Akasema, "Umekosa nini, mwanamke wa watu? Kunywa soda." Siku moja nilikasirika kweli. Nikapiga kelele kwamba ananitesa, kwamba mzazi hamfanyii mwanawe hivi, kwamba yeye ndiye aliyenipeleka shule na sanduku linalonuka bila kufikiri nitaishije. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuchinja kuku.

Ofisini nilisema ukweli, kwa kuwa nilidhani labda ndio ufunguo. Nilimwambia bosi yule mama wa kiroba ni mama yangu. Aliona aibu kwa ajili yangu, akasema maneno mazuri, na tangu siku hiyo hatukuwahi kwenda kula pamoja. Hilo halikuniuma hata kidogo, nikajishangaa nilikuwa nimemuuza mama yangu kwa kitu gani hasa.

Kwa hiyo dagaa wa mama yangu walibaki mahali pamoja tu duniani ambapo ningeweza kuwala: kwa Mkorea, dirishani, Jumamosi mchana, na sukari na ufuta juu. Nilikuwa nakula polepole kuliko zamani. Mkorea hakuniuliza kitu. Kwao, nilishamwona, mdogo hagusi kijiko kabla ya mkubwa, na kikombe hampi mkubwa kwa mkono mmoja. Siku ile ya Ijumaa alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, na macho anayo. Kisahani changu alikuwa anakijaza kama cha wengine, anakiweka, anaondoka.

Jumamosi moja mgahawa ulijaa, akaniomba niketi meza moja na bibi na bwana waliotoka kanisani. Visahani vikaja, vyao na vyangu. Yule bibi alitafuna dagaa akakunja uso.

"Watamu, ila vichwa vichungu," akamwambia mumewe. "Wangetoa vichwa."

Nikatazama kisahani chao. Dagaa wenye vichwa, wote. Nikatazama changu. Nikamtafuta mwenye kichwa kwa ncha ya kijiti, nikawapindua mmoja mmoja mpaka nikafika chini. Hakuwepo. Miezi yote ile nilikuwa nakula nikidhani ndiyo mapishi ya Kikorea.

Nilinyanyuka na kisahani mkononi nikaenda uani. Mkorea alikuwa anakamua kabichi kwenye beseni, mikono myekundu mpaka kwenye kiwiko.

"Hawa wangu mbona hawana vichwa?"

Hakuacha kukamua. "Yako inakuja mfuko yake peke yake. Mama anachambua. Anakaa pale." Akaonyesha kwa kidevu kigoda kidogo karibu na pipa la maji. "Kila Jumanne. Kucha hii, moja moja. Mimi nasema, mama, acha, nitafanya mimi. Anasema hapana, wewe unaharibu."

"Alisema ni wa nani?"

"Amesema mteja wa dirishani. Huyu hali kichwa."

"Hakusema mimi ni nani wake?"

Hapo aliacha kukamua. Alinitazama, na machoni mwake hamkuwa na huruma niliyokuwa naitafuta.

"Hakusema. Na wewe hujasema."

Sikumaliza supu. Nilikwenda Kayenze mchana uleule, nikiwa na wale dagaa kwenye mfuko wa nailoni, sijui kwa nini niliwabeba, labda kama ushahidi. Njia nzima nilikuwa nimefurahi. Naona haya kuliandika, lakini nilikuwa nimefurahi kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba. Nilijiambia mama amejisahau, moyo umemsaliti, leo atanigusa bega, leo tutakaa chini wote wawili na sufuria katikati.

Alikuwa kwenye vichanja, anageuza dagaa kwa kiganja, jua la alasiri likimpiga mgongoni. Nikapiga magoti mchangani kati ya wanawake wote wa mwaloni, wakaacha kazi kutazama. Nikafungua ule mfuko nikauinua.

"Mwangaluka, mayu," nikasema, ingawa asubuhi ilishapita. "Nimejua. Ni wewe unayenitolea vichwa."

Alichungulia ndani ya mfuko. Akamchukua dagaa mmoja, akampangusa ufuta, akamgeuza akaangalia pale kichwa kilipokuwa, kama fundi anayekagua kazi yake. Akamrudisha kwa wenzake.

"Ndiyo," akasema. "Mteja akishasema anachopenda, lazima umhudumie. Ndivyo biashala ilivyo."

Kisha akajipangusa mikono kwenye kanga, akaniambia nisubiri palepale kidogo, nisijichafue, akapanda kuelekea nyumbani. Nilijua anafuata nini. Wale wanawake walirudi kugeuza dagaa wao. Nilibaki nimepiga magoti mpaka nilipomwona anateremka na kile kiti cheupe kichwani, mkono mmoja ukikishikilia, kama anavyobeba kiroba.